Mpira wa Mlango wa Friji: Ufa Mdogo Wenye Hasara Kubwa

Ndugu mkulima, ikiwa una friji kuukuu nyumbani, nakuomba ufanye jambo moja usiku wa leo kabla ya kulala. Chukua noti ya shilingi 50, iweke kati ya mlango wa friji na mwili wake, funga mlango, kisha uivute noti polepole. Ikiwa inashikwa hata huna budi kuivuta kwa nguvu, mlango wako ni mzima. Lakini ikiwa inatoka bila kushikwa na kitu, kama itokavyo katika kurasa za kitabu, basi fahamu kwamba baridi yako inatoka kwa njia hiyo hiyo mchana na usiku, na fedha zako zinafuatana nayo.

Mimi si fundi wa friji. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo. Nilisomea ualimu, na kazi yangu ni kuandika barua, kutunza majalada, na kuwapokea wakulima wanapokuja na haja zao. Lakini habari hii ya mpira wa mlango naijua vizuri, kwa sababu nilifundishwa na aibu, na aibu ni mwalimu asiyesahauliwa.

Mama na kikapu chake

Miaka michache iliyopita, katika ofisi moja niliyofanya kazi, palikuwa na friji ya zamani ya kuwekea chanjo. Kina mama wa skimu walikuwa wakichanga fedha na kununua chupa ya chanjo ya kideri, ile yenye dozi 100, ili waigawane. Kwa kuwa wengi wao hawakuwa na friji, walituomba tuwatunzie chupa yao mpaka siku ya kuchanja.

Mlango wa friji ile haukufungika sawasawa. Mpira wake ulikuwa umepasuka upande wa chini. Kila mtu ofisini alijua, wala hakuna aliyesema neno. Mimi mwenyewe nilikikunja kipande cha kalenda ya mwaka uliopita, nikakibana chini ya mlango ili usifunguke, nikajiona fundi. Kila asubuhi nilikuta maji sakafuni, nikayapangusa, nikakaa mezani kuandika barua zangu.

Siku ya kuchanja ikafika, kuku wakachanjwa. Baada ya muda kideri kikapita katika vijiji vyetu. Asubuhi moja mama mmoja mjane akaja ofisini na kikapu, akakiweka mezani pangu juu ya karatasi, akakifunua. Ndani mlikuwa na kuku wawili waliokufa.

Akaniambia, "Mwanangu, kuku wangu walikuwa 32. Wote walichanjwa, na wote wamekufa. Hao ndio waliokuwa karo ya mtoto. Nieleze, nimekosa nini?"

Nikamwita daktari wa mifugo. Kwanza alimwonya mama kwa upole asimbebe tena njiani kuku aliyekufa kwa ugonjwa huo, kwa maana huueneza kwa majirani. Kisha akatuuliza chanjo ilikuwa imewekwa wapi. Akatia kipimajoto ndani ya friji, akafunga mlango, tukangoja. Alipokitoa kilisoma digrii 17. Chanjo ile yataka kukaa kati ya digrii 2 na digrii 8.

Daktari akasema, "Mama, kosa si lako." Kisha akanitazama mimi.

Mpira mpya ulinunuliwa juma lile lile, na bei yake haikufika bei ya kuku wanne. Sisi watu wa ofisi tulichanga tukamnunulia mama yule matembe 10, lakini muhula wa shule haungoji matembe wakue. Kwa hiyo naandika haya ili wewe ujifunze kwa hasara ya mwingine, maana ndiyo elimu iliyo rahisi kupita zote.

Hesabu ya maziwa ya jioni

Labda utasema, "Mimi siweki chanjo katika friji yangu." Basi tufikiri juu ya maziwa. Mahali pengi katika skimu gari la maziwa hupita asubuhi tu. Maziwa ya jioni hayana budi kulala nyumbani. Asubuhi karani wa kupokea maziwa huchanganya maziwa yako kidogo na spiriti kwa kipimo sawa. Yakiganda, anayakataa, nawe warudi nyumbani na mkebe uliojaa.

Maziwa hutoka kiweleni yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, yaani digrii 38 hivi. Katika joto kama hilo vijidudu vya maziwa hupata nafasi njema ya kuongezeka. Tuseme kijidudu kimoja huwa viwili kila nusu saa. Mpe mtoto wako wa shule hesabu hii: ikiwa kijidudu kimoja kimeingia katika mkebe saa 12 jioni, saa 12 asubuhi vitakuwa vingapi? Jibu ni 16,777,216. Hicho ni kijidudu kimoja tu, na katika mkebe wowote vimo vingi. Lakini katika baridi ya digrii 4 vijidudu vingi hupoa na kulegea, hata usiku kucha visiongezeke sana. Tofauti ya maziwa yaliyopokewa na maziwa yaliyokataliwa huenda ikawa ni kipande cha mpira chenye upana wa vidole viwili.

Tena kumbuka kwamba friji ya nyumbani si tangi la kupozea la chama cha ushirika. Maziwa mengi yenye joto yatalishinda nguvu. Kwanza tumbukiza mkebe wa chuma wenye kifuniko katika maji baridi, uyakoroge maziwa kwa kijiko safi mpaka joto lipungue, ndipo uyaingize ndani ya friji.

Kazi ya mpira ni nini?

Watu wengi hufikiri kwamba friji hutengeneza baridi. Sivyo. Friji huondoa joto lililo ndani na kulitupa nje. Ndiyo sababu ukiweka mkono nyuma yake utasikia joto. Ikiwa mpira wa mlango una ufa, hewa yenye joto huingia tena ndani, na mashine hurudia kazi ile ile bila kikomo. Ni kama mtu achotaye maji kwa ndoo iliyotoboka: atakwenda mtoni mara nyingi, atachoka, na mtungi hautajaa.

Zaidi ya hayo, hewa inayoingia ina unyevu. Unyevu huo hugandamana pale penye baridi kali na kuwa barafu. Barafu ikiwa nene huwa kama blanketi, na joto la ndani haliwezi kupita vizuri ili liondolewe. Kwa hiyo ukiona barafu inarudi upesi kila uiyeyushapo, au maji yanatiririka chini ya mlango, au mashine inanguruma usiku kucha bila kupumzika, usikimbilie kusema gesi imekwisha. Tazama mpira kwanza. Kutazama hakuna malipo.

Mipira ni ya namna mbili. Friji za zamani sana zina mpira wa asili, ule utokao katika utomvu wa mti, na mlango wake hufungwa kwa komeo la chuma linalobana. Friji za baadaye zina mpira wa plastiki laini wenye nafasi ya hewa ndani, na katikati yake umepita ukanda wa sumaku. Sumaku hiyo ndiyo inayouvuta mlango, nawe huisikia ukikaribia kufunga. Kujua mpira wako ni wa namna gani ni jambo la maana, kwa kuwa dawa ya mmoja yaweza kumdhuru mwenzake.

Kuupima

Usipime mahali pamoja tu. Pima kwa noti kila baada ya shubiri moja kuzunguka mlango mzima: juu, chini, upande wa bawaba na upande wa mkono. Kila mahali noti inapotoka bure, tia alama ya chaki kwenye mlango.

Kisha ngoja giza liingie. Washa tochi, iweke ndani ya friji ikielekea mlango, funga, na uzime taa ya nyumba. Mahali mwanga unapopenya, hewa nayo hupenya. Geuza tochi uelekeze pande nyingine, maana tochi moja haioni pande zote kwa mara moja.

Sasa tazama alama zako. Ikiwa ziko mahali pamoja au pawili, yaelekea mpira umejikunja, umechafuka au umepasuka hapo. Ikiwa ziko upande mzima, hasa juu upande wa mkono, yaelekea mpira hauna kosa bali mlango umelegea katika bawaba na kuinama. Mwalimu hampigi mtoto kabla hajajua nani aliyevunja kalamu; nawe usiutupe mpira kabla hujaupima mlango.

Mlango kwanza

Chomoa plagi. Toa chupa na mikebe yote iliyo katika rafu za mlango, kwa sababu uzito huo ndio huuinamisha. Shika mlango kwa chini na uuinue kidogo. Ukicheza, skrubu za bawaba zimelegea. Mwambie mtu aushike ukiwa umenyooka, nawe ukaze skrubu kwa bisibisi.

Halafu tazama miguu ya friji. Sakafu za nyumba zetu nyingi hazikusawazishwa kwa pima maji. Friji ya stima yafaa isimame imara, nayo iinuliwe kidogo tu upande wa mbele, ili mlango ukiachwa nusu wazi ujirudie wenyewe. Ikiwa miguu ya mbele ina skrubu, zungusha. Ikiwa haina, tia kipande cha ubao mgumu chini ya miguu yote miwili ya mbele. Mwisho angalia ndani: je, kuna sufuria au trei inayousukuma mlango? Mara nyingine ugonjwa wote ni mpini wa sufuria.

Kuosha mpira

Chukua maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini na mswaki wa zamani. Fungua mikunjo ya mpira kwa kidole, kwa maana humo ndimo maziwa yaliyomwagika, sukari na vumbi hujificha na kuwa gundi. Gundi hiyo hushika mpira mlango unapofunguliwa na kuuvuta hata ukapasuka. Palipo na kuvu nyeusi, sugua kwa siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa. Osha vilevile ule ukingo wa mwili wa friji ambao mpira huulalia. Wengi husahau upande huo. Suuza, kisha ukaushe kabisa.

Usitumie petroli, mafuta ya taa, wala dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Huonekana kusafisha upesi, lakini huula mpira na kuuacha mgumu au uliovimba.

Baada ya kuosha, pima tena kwa noti. Huenda kazi ikawa imekwisha hapo.

Kuunyosha mpira uliolala

Mpira uliokandamizwa miaka mingi hulala bapa na kusahau umbo lake. Joto humkumbusha. Chovya taulo katika maji ya moto, likamue, ulikandamize mahali penye alama ya chaki kwa dakika mbili au tatu. Mpira ukiwa laini, uvute nje kwa vidole taratibu, kama mtu anyooshaye kola ya shati, mpaka usimame. Rudia mara kadhaa. Mwenye mashine ya kukaushia nywele aweza kuitumia, lakini asiikaribishe sana, na asiiache mahali pamoja. Usitumie maji yanayochemka, wala usisogeze jiko la makaa karibu na friji.

Ikiwa kona imejikunja kwa ndani, ijaze kwa kipande cha kitambaa kilichokunjwa, ili ishike umbo jipya inapopoa. Kisha kitoe.

Baada ya hapo paka mpira gliserini, ile ya chupa ndogo inayouzwa madukani kwa ajili ya ngozi. Tia matone machache katika kitambaa, uupake mpira mzima kwa wembamba sana, hasa upande wa bawaba ambako mpira hujisugua kila mlango unapofungwa. Pangusa iliyozidi. Gliserini hufaa mipira yote miwili. Mafuta ya kujipaka yatokanayo na petroli hutumiwa na watu wengi kwenye mipira ya plastiki, lakini usiyapake katika mpira wa asili wa friji ya zamani, kwa maana huuvimbisha na kuuozesha. Grisi ya gari usipake kabisa. Mafuta ya kupikia nayo huleta siafu na harufu mbaya.

Sasa funga mlango, uuzungushe utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli juu ya mlango na mwili wa friji ili ubanwe, washa friji, uiache mpaka asubuhi. Ukifungua asubuhi, pima tena kwa noti.

Ukiwa umepasuka

Ufa mdogo usiozidi urefu wa kucha waweza kuzibwa kwa muda kwa gundi ya silikoni, ile ya kuzibia vioo vya madirisha. Osha na kukausha mahali hapo, paka gundi nyembamba, uilainishe kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, uuache mlango wazi kwa saa 24 mpaka gundi ishike. Ukiufunga mapema, mlango utaganda na mwili wa friji, na siku ya kuufungua utang'oa mpira wote. Solusheni ya baiskeli haishiki plastiki, basi usipoteze fedha zako. Tena usijidanganye kama nilivyojidanganya mimi na kalenda yangu: kiraka ni cha kungojea mpira mpya, si badala yake.

Mpira uliopasuka sana, au uliokauka hata ukivunjika unapoukunja, hauna dawa ila kubadilishwa. Pima urefu na upana wa mpira wa zamani kutoka ncha hadi ncha, uandike kwa milimita. Andika pia jina la friji na namba iliyo katika kibao kilichobandikwa ndani au nyuma. Kama waweza, nenda na kipande cha mpira wenyewe kwa fundi, kwa kuwa urefu peke yake hautoshi. Lazima umbo la ule ukingo unaoingia mlangoni lilingane.

Katika friji nyingi za siku hizi mpira umesukumwa tu katika mfereji mwembamba, nao hutoka ukiuvuta kuanzia kona. Katika zile za zamani, inua mdomo wa mpira nawe utaona skrubu nyingi. Hapa sikiliza vizuri: usizitoe skrubu hizo zote. Ndizo zinazoshika pia bamba la ndani la mlango na kuuweka mlango umenyooka. Zilegeze tu kiasi cha kuutoa mpira, tena upande mmoja kwa zamu. Mtu aliyezitoa zote kwa mara moja aliona mlango wake ukipinda kama ubao mbichi uliowekwa juani.

Mpira mpya hufika umekunjwa. Uloweke katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika mkono kwa dakika 10, uukaushe, kisha utie kona nne kwanza, kuanzia za juu, ndipo ufuate katikati. Ukianzia upande mmoja na kuzunguka, utafika mwisho na kuona mpira umezidi au umepungua. Kaza skrubu kidogo kidogo, ukienda upande huu na upande huu, kama mtu akazaye gurudumu la gari. Mpira mpya huchukua siku chache kuzoea, basi usihuzunike ikiwa kona moja bado inalegea siku ya kwanza.

Friji za taa

Katika nyumba za masetla wa zamani palikuwa na friji zisizotumia stima, bali taa ya mafuta iwakayo chini yake. Namna hiyo ya kupoza kwa moto ilibuniwa Stockholm mwaka 1922 na wanafunzi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters. Ndani ya mabomba yake mna amonia, maji na haidrojeni, wala haina mashine inayozunguka. Skimu ya ekari milioni moja ilipoanza mwaka 1962, wakulima walianza kuingia katika mashamba yaliyokuwa na nyumba kama hizo. Ikiwa wewe umerithi friji ya taa na bado wataka kuitumia, jua kwamba nguvu yake ya kupoza ni ndogo kuliko ile ya stima, na kwa hiyo ufa wa mlango huiumiza zaidi. Mpira wake ni wa asili: ni maji ya sabuni na gliserini tu. Tena hiyo isiinuliwe mbele wala nyuma. Yataka kusimama sawasawa kabisa, la sivyo haipozi. Ukisikia harufu kali ya amonia, zima taa, fungua madirisha, toka nje, usiitumie tena.

Onyo juu ya watoto

Jambo hili lapita mengine yote. Friji yenye komeo haifunguki kutoka ndani. Mtoto akijificha humo katika mchezo, na mlango ukajifunga, hewa humwishia, wala kilio chake hakisikiki. Nchini Marekani watoto wengi walikufa hivyo, hata mwaka 1956 ikapitishwa sheria kwamba friji mpya lazima ziweze kufunguka kutoka ndani. Mpira wenye sumaku ulisaidia kuondoa yale makomeo. Lakini friji za zamani bado zimo majumbani, na kadiri unavyoutengeneza mpira vizuri ndivyo hewa isivyoweza kuingia.

Kwa hiyo, friji ambayo huitumii tena, iwe ya komeo au ya sumaku, iondoe mlango kabisa siku hiyo hiyo, hata ikiwa wataka kuifanya sanduku la mahindi au kiota cha kuku. Usiseme utaufunga kwa kamba. Kamba hufunguliwa.

Pima faida yako mwenyewe

Usiniamini kwa maneno tu. Ikiwa una mita ya tokeni, andika daftarini uniti zilizobaki unapolala, taa zote zikiwa zimezimwa, kisha uandike tena unapoamka. Fanya hivyo siku 3 kabla ya kutengeneza mpira, na siku 3 baadaye, ukiwa na vitu kiasi kile kile ndani ya friji. Tofauti utakayoiona ndiyo mshahara wako. Nunua pia kipimajoto kidogo, ukiweke katikati ya friji ndani ya bilauri ya maji. Kisome asubuhi kabla ya mtu kufungua mlango. Ikiwa kinasoma digrii 4 au karibu, maziwa yako yamelala salama. Ikiwa mpira ni mzima, mlango umenyooka, na bado kipimajoto kinasoma digrii 10 au zaidi, hapo sasa mwite fundi, kwa maana kosa liko katika mashine. Utakuwa umemsaidia, wala hatakulipisha gesi usiyoihitaji.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba ufa kwa kalenda, na mama mjane ndiye aliyejenga ukuta. Kile kipande cha kalenda sikukitupa. Kimo katika mtoto wa meza yangu, pamoja na kipimajoto, nami kila tarehe mosi ya mwezi nikifungua mtoto ule kutafuta kalamu nakiona. Basi huinuka, nikachukua noti, nikaenda kupima mlango wa friji. Kazi hiyo hainichukui dakika tano. Nawe chagua siku yako ya mwezi, uanze.